Tofauti Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza leo, na mfumo mpya umeanza leo. Bosi, mkuu wetu wa zamu, amesema tuikumbuke tarehe hii. Mimi nikimwogopa mtu huandika anachosema, kwa hiyo nimeandika.

Nieleze kazi yenyewe kwa mpangilio, maana mpangilio hunituliza. Kabla ndege haijaondoka, lazima mtu aseme ina uzito gani, na uzito huo umekaa wapi. Ukizidi mbele, pua inagoma kuinuka. Ukizidi nyuma, pua inainuka kabla rubani hajaiomba, na hilo ndilo baya zaidi. Rubani hapimi chochote. Anasoma karatasi tunayompelekea, anatia saini, anaruka.

Kwa miaka ishirini na sita karatasi hiyo imeandikwa na Mzee wa Rula, kwa penseli, chati na rula ya mbao iliyolika pembe. Sasa kuna kompyuta inayochukua uzito moja kwa moja kutoka mizani ya ghala na kutoa jibu kwa sekunde nne. Kwa wiki tisa vyote viwili vitafanya kazi pamoja: Mzee atahesabu, mfumo utahesabu, rubani atapewa jibu la mfumo. Mimi nitalinganisha majibu na kujaza fomu. Tofauti ikipita kilo kumi naiandika, kisha naweka alama kwenye kisanduku kimoja kati ya viwili: Kosa la mtu, au Kosa la mfumo. Makosa matatu ya mtu, na Mzee anaondolewa mezani.

Niliuliza mfumo unaruhusiwa makosa mangapi. Fundi wa kompyuta, kijana aliyetumwa na waliotuuzia, alicheka.

"Mfumo ukikosea tutaurekebisha, dada."

"Na Mzee akikosea?"

"Mzee atapumzika. Si ndivyo wazee wanavyotaka?"

Mzee alikuwa anachonga penseli. Hakuinua kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Kilo tatu, kilo moja, kilo sita, kilo mbili. Mzee hukadiria kwenye chati kwa jicho, mfumo haukadirii. Mvua kutwa.

Jumapili, 9 Machi

Dada yangu ni mhudumu kwenye hizi ndege zetu, nami naishi kwake. Leo alikuwa anapiga pasi sare, akaniuliza, "Mimi mnanipima lini? Sijawahi kuona mizani."

Nikamweleza kwamba watu hawapimwi. Kila mtu mzima tunamhesabu kilo zilezile, awe mnene awe mwembamba, na wastani hujisawazisha wenyewe.

"Kwa hiyo mimi na yule rubani wetu mwenye tumbo tuko sawa?"

"Kwenye karatasi, ndiyo."

"Basi mdogo wangu, mimi nahamia kwenye karatasi."

Nilicheka, halafu nikakaa nikiwaza huo wastani kwa saa nzima.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeweka alama ya kwanza.

Mvua ilipopungua kidogo Mzee alichukua mwavuli akatoka hadi maegesho ya ndege, ambako matela yenye mazulia ya kusafirishwa yalikuwa yanasubiri kupakiwa. Nilimwona dirishani akiinama, akibonyeza mazulia kwa kiganja kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Akarudi suruali imelowa hadi magotini.

"Nimeongeza kilo mia mbili na thelathini," akasema.

"Za nini, Mzee?"

"Mazulia yamekunywa maji."

Fundi akageuza kiti chake. "Mzee wangu, mazulia yana kiu?"

Ofisi nzima ikacheka, na mimi nilicheka, nakiri. Kisha ikaja fomu. Tofauti: kilo 230. Visanduku viwili. Nilimwendea Bosi.

"Mizani ya ghala imesema ngapi?" akaniuliza.

"Elfu moja mia tisa."

"Mfumo umesema ngapi?"

"Elfu moja mia tisa."

"Sasa aliyetofautiana ni nani?"

Nikaweka alama: Kosa la mtu. Ndege ikaenda na jibu la mfumo, ikafika salama. Fundi akaja kunionyesha ujumbe wa kufika kwenye simu yake. "Mwambie Mzee mazulia yamefika, na hayakulewa."

Mzee alisikia.

Alhamisi, 13 Machi

Mzee hakutoka nje. Mvua ileile.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Leo Mzee amekosea, na safari hii ni kosa kweli. Orodha ya ghala ilisema kilo 1,380, yeye akaandika 1,830. Mia nne na hamsini za hewa. Bosi alikuwa kwenye kikao, Fundi ameenda kula. Nilimsogezea karatasi nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Aliitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba tarakimu zingejirudisha.

"Binti yangu," akasema, "umri wangu wa kustaafu ni mwezi wa kumi na mbili. Nataka nitoke kwa mlango, si kwa fomu."

Nilimwachia karatasi airekebishe. Sikuandika kitu. Lakini nikamwambia, na sauti iliyonitoka ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia: "Mzee, hii siioni. Ikitokea nyingine nitaiandika, na hii pia nitaiandika. Zitakuwa tatu."

Akaitikia kwa kichwa.

Nyumbani sikula. Nilikuwa nikimwona kama ukuta wa kuegemea. Leo nimemwona kama mtu anayeweza kuua abiria mia moja kwa sababu miwani yake ina ukungu. Nimeanza kuipenda ile kompyuta. Nalionea haya hilo, lakini ni kweli.

Jumatano, 26 Machi

Tofauti sifuri, ndege zote nne. Bosi amesema, "Mnaona? Mtu akitishwa kidogo anakaza macho."

Ijumaa, 28 Machi

Sifuri.

Jumatatu, 31 Machi

Sifuri. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Alhamisi, 3 Aprili

Sifuri mara tano. Radi imekata umeme kwa dakika ishirini, na wakati wote umeme ulipokuwa umekatika Mzee alikaa tu na penseli mkononi. Nilidhani anapumzika.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeamka na swali. Mzee hukadiria kwa jicho kwenye chati ya karatasi. Jicho haliwezi kutoa sifuri siku saba mfululizo. Kilo mbili, sawa. Kilo tano, sawa. Sifuri haiwezekani.

Pengine amepata njia bora. Pengine mimi ndiye mgonjwa wa mashaka. Dada husema ningekuwa mfungaji wa milango ningefunga kila mlango mara tatu na kurudi kuuangalia.

Jumanne, 8 Aprili

Nimejua.

Kiti cha Mzee kimesogea. Si sana, upana wa kiganja. Kutoka hapo kilipo sasa, kioo cha kabati la mafaili kinaonyesha skrini ya Fundi, kinyumenyume lakini wazi. Nilijifanya natafuta faili ili nisimame nyuma yake. Karatasi yake ilikuwa tupu. Akatazama kioo. Penseli ikashuka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho, ikaandika jibu, ndipo ikaanza kupanda juu kutengeneza hesabu za kulifikia.

Hahesabu tena. Ananakili, halafu mimi nalinganisha nakala na chanzo chake, naandika sifuri, napiga muhuri. Kwa wiki mbili tumekuwa na kompyuta moja na watu wawili wanaoipigia makofi.

Nikisema, anaondoka leo, na mimi ninaulizwa kuhusu tarehe 20 Machi. Nisiposema, basi hakuna anayeangalia. Lakini mfumo haujakosea hata mara moja. Sijauona ukikosea. Nimejirudishia sentensi hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumatano, 9 Aprili

Sifuri. Sijasema.

Jumatatu, 14 Aprili

Sifuri. Sijasema. Dada ananiuliza mbona nakonda. Nimemwambia ni mvua. "Mvua inakondesha mtu tangu lini?" akasema, akaniongezea chakula.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio, hata kama itanichukua jioni yote.

Asubuhi ilianza na dhoruba. Ndege ya saa nne ilihitaji kupakia marobota sitini ya vitambaa vya pamba. Yalipimwa ghalani saa moja asubuhi: kilo hamsini kila moja, elfu tatu jumla, yote ya kuwekwa kwenye tumbo la nyuma la ndege. Ghala lilikuwa limejaa, kwa hiyo matela yalipelekwa maegesho yakafunikwa turubai. Kisha safari ikaahirishwa hadi saa nane mchana. Upepo ukang'oa turubai muda fulani katikati. Hakuna aliyeweza kuniambia ni saa ngapi.

Saa saba na nusu majibu yakatoka. Mfumo na Mzee, tofauti sifuri. Nikapiga muhuri. Rubani akatia saini. Dada yangu alikuwa kwenye ndege hiyo.

Nilikuwa naweka fomu kwenye faili nilipotazama dirishani. Marobota yalikuwa yanapanda kwenye mkanda wa kupakilia, na kila moja lilikuwa likidondosha maji. Si matone. Ulikuwa mkondo mwembamba usiokatika, kama mtu ameacha bomba wazi.

"Mzee," nikasema, "tazama marobota."

Akatazama. Nikaona uso wake ukijua. Kisha akarudisha macho mezani. "Karatasi imeshatiwa saini."

"Uliyashika?"

Akaokota penseli.

"Mzee, ulihesabu?"

Akaweka penseli chini. "Sijahesabu tangu mwezi uliopita," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja mahali anapoumwa.

Nikamgeukia Bosi. "Bosi, simamisha ndege."

"Kwa sababu gani?"

"Mzigo umelowa. Uzito si ule wa asubuhi."

"Fomu yako inasema nini?"

"Sifuri."

"Mtu na mfumo wamekubaliana, wewe karani wa fomu ndiye unakataa? Unajua gharama ya kuichelewesha ndege iliyokwisha tiwa saini?"

Fundi alikuwa amesimama dirishani. Hakuwa anacheka. "Bosi," akasema, "mfumo unachukua uzito wa saa moja asubuhi tu. Hakuna mahali pa kuingiza mvua."

"Basi uliza waliokutuma!" Bosi akafoka. "Mimi sisimamishi ndege kwa maji ya dirishani."

Sina mamlaka ya kusimamisha hata baiskeli. Nilitoka nikakimbia. Sikuvaa jaketi la kung'aa, jambo ambalo ni kosa la kufukuzwa, na nililijua nikiwa tayari kwenye mvua. Nyapara wa wapakiaji, mtu mwenye mabega kama mlango, akanipigia kelele: "Dada! Jaketi! Unataka kugongwa?"

"Yamebaki mangapi?"

"Moja. Hili hapa. Tunamaliza."

"Naomba tulipime. Nakuomba."

Akanitazama, akalitazama robota. "Nimeyabeba haya asubuhi, nimeyabeba sasa hivi," akasema. "Mgongo wangu unajua. Yamezidi, tena sana."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Tulilisukuma yeye na mimi hadi ghalani, hatua kama mia mbili, gurudumu moja la tela likikataa kuzunguka. Mizani ikayumba ikatulia. Kilo sitini na nane.

Hesabu hiyo sikuhitaji kompyuta wala rula. Kumi na nane mara sitini. Elfu moja na themanini, zote mkiani, na rubani hazijui.

Nilipotoka, ngazi ilikuwa imeondolewa na mlango wa mizigo unafungwa bila kungoja robota letu. Nyapara hakuningoja nieleze. Alikimbia mbele ya pua ya ndege, akanyanyua mikono na kuikunja msalaba juu ya kichwa, akasimama hapohapo kwenye mvua. Mtu wa chini anayezungumza na rubani kwa waya akapiga kelele ambazo sikuzisikia. Ngazi ikarudi.

Rubani alishuka mwenyewe. Ni yule mwenye tumbo.

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Una uhakika?"

"Hapana," nikasema, na huo ulikuwa ukweli. "Nimepima moja tu. Nina uhakika na hilo moja."

Hakuniuliza zaidi. Akatembea nami hadi ghalani, akasimama mbele ya mizani maji yakimchirizika kofiani, akaangalia namba. Akaagiza yashushwe matano mengine, ya juu na ya chini. Hamsini na tisa. Sabini na moja. Sitini na tisa. Sabini. Sitini na sita.

"Shusheni yote," akasema.

Ofisini niliwakuta Mzee na Fundi. Mzee alikuwa amegeuza kiti, amekipa kioo cha kabati mgongo. Nikampa uzito mpya naye akahesabu, mstari baada ya mstari. Aliposogeza rula kwenye chati alama ikaangukia nje ya mstari wa nyuma, kwenye karatasi nyeupe isiyo na namba. Fundi akaingiza uzito uleule kwa mkono, na skrini ikawa nyekundu.

Nikalinganisha. Tofauti: kilo sita.

Sijawahi kufurahia kitu kama zile kilo sita.

Safari ilihamishiwa kesho, na Dada alirudi jioni viatu mkononi. "Nani huyo mpumbavu aliyetukalisha saa tatu kwenye joto? Kuna mzee mmoja kiti cha tano ameniita majina ambayo hata mama hakuwahi."

"Ni mimi," nikasema.

Nilimweleza. Alikaa chini taratibu, bado amevaa koti, akaweka viatu sakafuni.

Ijumaa, 18 Aprili

Bosi ameniita mlango ukiwa umefungwa. Ni mpole kama mgonjwa aliyepona. Anataka taarifa ya ukurasa mmoja: mvua ilinyesha, karani akaona, ndege ikasimamishwa. "Utapata barua ya pongezi. Mzee atafikisha mwezi wake wa kumi na mbili. Mfumo utaongezewa sehemu ya mvua. Kila mtu anatoka salama. Usitie chumvi."

Nina hadi Jumanne.

Jumapili, 20 Aprili

Nimeandika ule ukurasa mmoja. Ni mzuri. Kila neno lake ni kweli, na ukurasa wote ni uongo.

Kwa sababu mvua haikuwa tatizo. Mzee aliiona mvua tarehe 12 Machi, na mimi nikaiwekea alama kwenye kisanduku cha makosa yake. Halafu nikaficha kosa lake la kweli na kumtisha kwa hilohilo. Mtu aliyeadhibiwa kwa kuwa sahihi na kusamehewa kwa kukosea atafanya nini? Atatazama kioo cha kabati. Nisipoandika hilo wataipa kompyuta dirisha la kuona mvua, na kwenye ile meza atakaa mwoga mwingine, nami nitamwandikia sifuri.

Nikiandika, Mzee amekwisha. Pengine na mimi.

Nimemuuliza Dada. Hakunijibu moja kwa moja. Alisema, "Jumatano nina safari. Wewe ndiye unajua kama nipande."

Jumanne, 22 Aprili

Nimepeleka kurasa nne. Tarehe zote zimo, na tarehe 20 Machi imo.

Jumatano, 30 Aprili

Kamati ya uchunguzi imesoma uamuzi. Bosi ameonywa. Mimi nimepewa barua ya onyo kali, si ya pongezi. Mzee anastaafu leo badala ya Desemba. Majaribio yataanza upya: visanduku viwili vimefutwa, tofauti zitaandikwa na kuchunguzwa bila mtu kuhesabiwa makosa. Mhesabuji wa mkono atakaa chumba cha pili kisicho na skrini, na kabla hajaanza lazima atoke akaguse mzigo. Waliuliza nani atakaa humo. Kila mtu akatazama viatu vyake. Wakaniandika mimi, na sijui kama ni adhabu.

Mzee alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi. Nilisimama karibu bila kujua mikono niiweke wapi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akaendelea kupanga. "Miaka ishirini na sita, binti. Na kitakachosomwa ni siku ishirini na mbili za kioo."

"Nimeandika na kuhusu mazulia. Nimeandika kwamba ulikuwa sahihi."

"Nimesoma. Umeandika pia kwamba niliogopa."

"Niliandika kwamba tuliogopa."

"Wewe ni mdogo. Kwako itasomeka vizuri."

Alibeba boksi, akakataa nimsaidie. Alipofika mlangoni alisimama bila kugeuka.

"Ya juu hukaushwa na upepo," akasema. "Shika ya chini. Ingiza mkono kabisa."

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya kwanza chumba cha pili. Meza, kiti, chati, dirisha linalotazama maegesho. Nilitoka na mwavuli, nikaingiza mkono chini ya kila tela. Makavu.

Nilihesabu mara mbili, nikapitisha jibu chini ya mlango. Dakika moja baadaye Fundi akagonga. "Dada, tuna tofauti. Kilo mia tatu na kumi."

Nilirudi mezani. Nilitafuta kosa la mfumo kwanza, kwa bidii ya aibu. Nikakagua abiria, nikakagua mizigo. Kisha nikafika kwenye mafuta, nikaona nimechukua mstari wa ndege inayofuata.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na hakuna mtu aliyekuwa ananitazama. Nilifungua mlango. Bosi alikuwepo, nyapara alikuwepo amekuja kusainiwa karatasi zake, Fundi alikuwa bado amesimama.

"Nimekosea mimi," nikasema. "Mafuta."

"Haya," Fundi akasema. "Rudia."

Ndege iliondoka imechelewa dakika nane kwa sababu yangu. Niliitazama hadi ikaingia mawinguni, kisha nikachukua mwavuli nikaenda kushika mzigo wa inayofuata.